Vijana wa nyasi kutoka Kawangware: mwaka mzima na makaburi ya kanisa letu, na bei tulifikia vipi

Nimekuwa nikiulizwa na watu wa makanisa mengine, hasa wale wako na makaburi ndani ya kompaundi kama sisi huku Dagoretti, Nairobi, eti ni nani anatukatia nyasi na tunamlipa ngapi, na kila mara naanza kueleza kwa simu mpaka kredo inaisha, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya makaburi, huu ni mwaka wa sita, na hii kazi ya nyasi imenikosesha usingizi kuliko paa la kanisa lenyewe.

Kwa haraka tu: ni vijana wanne kutoka Kawangware, wana mashine mbili za kubeba mgongoni, tunawalipa shilingi 14,000 kila wakikata na wanakata mara 16 kwa mwaka. Hawana jina la biashara wala bango, kwenye kitabu changu nimewaandika "vijana wa nyasi" na hivyo ndivyo kila mtu anawaita. Nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Sasa hiyo 14,000 ukiiskia hivyo tu utaona tumeibiwa. Makaburi yetu ni eka moja na robo, ukigawa unapata kama ploti kumi na moja za futi hamsini kwa mia, na huku kwetu mwenye brashikata, hiyo mashine ya mgongoni, anakuitisha 1,000 kwa ploti yenye nyasi ya kawaida, ukiwa na eneo kubwa anashuka hadi 600. Piga hesabu hapo, 6,600. Na kweli tulipata mtu akatuambia 6,500 kwa simu, nitafika kwake. Lakini kwa ploti tupu mtu anaenda akirudi, anaenda akirudi, hakuna kitu cha kumsimamisha ila labda jiwe. Kwa makaburi kila hatua mbili kuna ukingo wa simiti, kuna msalaba wa mbao, kuna taili, kuna chupa ya maua, kuna picha ya marehemu kwa fremu, na nyasi yenyewe ni ile ya kikuyu inayotambaa juu ya udongo na chini ya udongo pia, ukiikata katikati ukaacha pembeni inapanda juu ya kaburi na baada ya msimu mmoja wa mvua huoni jina tena. Muda wote unaishia kwa pembe. Sisi tulijua hii kitu baada ya kuumia.

Aliyekuwa kabla yao, jina nitaliacha, alikuwa anachukua 9,000. Miezi miwili ya kwanza alifanya vizuri, nikamsifu hata kanisani. Mwezi wa tatu nikaanza kuona anakata njia na nafasi kubwa tu, pembeni mwa makaburi anapita mbio, nikimuuliza anasema atarudi kesho na hiyo kesho haifiki. Halafu Jumatano moja nikiwa kazini yeye na watu wake wakaja na matanki ya mgongoni wakanyunyizia dawa ya magugu, ile ya glaifoseti, kuzunguka kila kaburi, hakuniambia wala hakumwambia mwenyekiti. Dawa hiyo haionekani siku hiyo hiyo, inachukua wiki moja mbili hivi, kwa hivyo sisi tulikuja kushtuka baadaye tukaona kila kaburi lina pete ya kahawia. Kuna watu walifurahi wakasema sasa kumekuwa kusafi! Mvua ya Aprili ikaja. Udongo wa huku ni ule mwekundu, na nyasi ndio ilikuwa imeushika, sasa nyasi imekufa na mizizi imeoza, maji yakabeba udongo pembeni mwa makaburi, kingo tatu za simiti zikainama na moja ikapasuka katikati. Hiyo iliyopasuka ilikuwa ya familia ambayo ilijenga kwa shida sana, walichanga karibu mwaka mzima. Mimi ndiye nilienda kuwaambia.

Nilimkasirikia yule jamaa na bado namkasirikia, lakini nikikaa chini na kalamu naona pia sisi kamati tulichangia, juu tulimpa bei ya shamba kwa kazi ya makaburi. Aliona eka moja na robo, sisi tukakubali eka moja na robo, hakuna mtu alitaja makaburi ni mangapi. Alipogundua pembe zinamla siku mbili na pesa ni ya siku moja, akatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni dawa. Kwa hivyo nikienda kutafuta mwingine niliamua sitachukua bei ya mtu yeyote kabla hajatembea pale ndani.

Tulitangaza Jumapili mbili na tukabandika karatasi kwa geti. Watu wanne wakaleta bei.

Wa kwanza ndiye huyo wa 6,500. Alipiga simu saa tatu asubuhi, akauliza ni eka ngapi, nikamwambia, hapo hapo akasema 6,500 na anaweza kuanza kesho. Nikamwambia aje aone kwanza. Akasema "boss, nyasi ni nyasi." Nilimshukuru nikakata simu. Kuna wazee wawili kwa kamati walinilaumu sana kwa hiyo, wakisema nimefukuza bei nzuri, na nawaelewa, pesa ni ya washirika na 6,500 mara 16 ni 104,000 tu kwa mwaka. Lakini mtu ambaye hajaona kazi hajakupa bei, amekupa namba, na siku ataona kazi hiyo namba itabadilika ama kazi itabadilika.

Wa pili ilikuwa kampuni ya kutunza bustani, ya watu wakubwa, wanafanya maofisi na maestate. Hawa walikuja na gari, dada mmoja mwenye adabu sana akapima kwa simu yake akapiga picha, siku ya tatu ikaja kotesheni ya kurasa nne. 45,000 kwa mwezi, ukiweka VAT ya asilimia 16 inafika 52,200, kwa mwaka ni 626,400. Wengi kwa kamati walicheka walipoiskia lakini mimi sikuona ni ya kuchekwa. Nilisoma zile kurasa zote. Ndani kulikuwa na bima ya wafanyakazi, invoisi za eTIMS zile za watu wa ushuru, mavazi ya usalama, msimamizi, maua ya kupanda kwa njia, na watu wao wanakatiwa NSSF ya uzeeni na SHIF ya matibabu na ile levi ya nyumba ambayo mwajiri naye anaongeza asilimia 1.5 yake. Hizo zote ni gharama za kweli na mtu akikutajia bei ya chini sana ujue kuna moja ya hizo ameiruka. Sisi hatukuweza tu. Tuna familia kama 180 zinazotoa 100 kwa mwezi, zote zikitoa bila kukosa ni 216,000 kwa mwaka, na hizo ndizo pesa zetu zote za makaburi.

Wa tatu ni yule yule wa dawa, alirudi na 9,000 yake akasema atapunguza mpaka 8,500. Sitaongeza neno.

Sasa vijana. Walikuja Jumanne saa mbili asubuhi wote wanne, wakatoa kofia wakiingia getini, hiyo niliiona. Kiongozi wao alikuwa na daftari la shule la kurasa 48 na kalamu. Kitu cha kwanza aliniuliza: "Mzee, makaburi ni mangapi?" Nikamwambia kwa rejista ni 298. Akasema sawa, lakini tukubalie tuhesabu wenyewe. Wakagawana, wawili wakaanzia juu kwa kanisa, wawili chini kwa ua wa kayaba, na kila kaburi walilohesabu wakachomeka kijiti ili wasilirudie. Ilichukua saa moja na nusu. Wakakuja na 312.

Nikawaambia wamekosea. Akasema basi twende pamoja. Tukahesabu tena, mimi na rejista mkononi, na ni kweli, 312. Kumi na manne hayakuwa kwa kitabu. Matatu yalikuwa ya watu wazima, misalaba ilishaoza. Kumi na moja yalikuwa madogo, ya watoto, yako chini karibu na miti ya saiprasi, hayana simiti wala jina, ni mawe tu yamepangwa kuzunguka, na nyasi ilikuwa imefunika ukidhani ni kichaka. Miaka yote hiyo tumekuwa tukilipa watu wanapitisha mashine juu yake. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Jumapili iliyofuata tukatangaza, na shosho mmoja aliyepita miaka themanini akaja na bakora yake akatembea mpaka kwa la pili kutoka mwisho, akasema hili ni la kifungua mimba wangu. Nyasi ilipomshinda kupita aliacha kuja, na hakutaka kusumbua mtu. Sasa liko kwa rejista, na kijana mmoja wa kwaya alimtengenezea kibao cha mbao.

Nawaambia ukweli, hata kama bei yao ingekuwa mbaya ningetafuta namna ya kuwapa kazi baada ya hapo. Lakini bei haikuwa mbaya.

Alivyoipanga ni hivi. Kila kaburi shilingi 20 za kuzunguka pembe, mara 312 ni 6,240. Nafasi wazi, njia na pembeni mwa ua wa kayaba, 8,000. Jumla 14,240, akasema tufanye 14,000. Mara ya kwanza peke yake 24,000 juu nyasi ilikuwa imefika magotini na kuna makaburi yangehitaji kufunuliwa kwa mkono. Nikamuuliza hiyo 14,000 inaenda wapi, na hapa ndipo alinishangaza, alifungua daftari akanionyesha. Watu wanne siku mbili, kila mtu 1,000 kwa siku, 8,000. Petroli lita 10 kwa mashine mbili, ukiweka 180 kwa lita ni 1,800. Oili ya kuchanganya na uzi wa naironi 700. Usafiri wa mashine kutoka Kawangware na kurudi 600. Hapo ni 11,100, inabaki 2,900 ya kutengeneza mashine zikiharibika na faida yao. Hakuficha kitu. Mimi nimefanya kazi na mafundi wa kila aina hii Nairobi na ni mara ya kwanza fundi ananionyesha faida yake.

Mwenyekiti wetu alitaka 10,000. Ni mtu wa kubana na ndio maana tunampenda, pesa za kanisa haziwezi kuchezewa. Wakakaa naye kwa benchi nje ya ofisi, na kijana akamwambia pole pole, "Mzee, kwa elfu kumi nakuja, lakini nitaruka pembe na wewe utaona nimeruka. Afadhali tupunguze siku, tusipunguze kazi." Hapo ndipo mazungumzo yaligeuka. Sisi tulikuwa tumefikiria mara mbili kila mwezi, mara 24 kwa mwaka, na hiyo kwa 14,000 ni 336,000, haiwezekani. Yeye akasema nyasi haimei sawa mwaka mzima. Mvua ndefu ikianza Machi mpaka Mei nyasi inakimbia, na Juni bado ina nguvu ya ile mvua, halafu Julai na Agosti ni baridi inalala, mvua fupi inaiamsha tena. Kwa hivyo tukapanga Aprili, Mei na Juni mara mbili, Novemba na Disemba mara mbili, Januari, Machi, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba mara moja moja, na Februari hakuna juu ni jua tupu. Hesabu, ni 16. Mara 14,000 ni 224,000. Tulikosa 8,000 pamoja na ile 10,000 ya zaidi ya siku ya kwanza, na sadaka ya Pasaka ikaziba.

Mkataba ni ukurasa mmoja tu, niliuandika kwa mkono na katibu akachapa. Hakuna dawa ya kunyunyizia, hata tone. Kaburi ambalo halijafika miezi sita haliguswi na mashine, ni slasha na mkono tu, juu udongo bado haujakaa na familia bado inakuja na maua. Jumamosi hakuna kazi, ni siku ya mazishi, na kukiwa na mazishi siku nyingine mashine zinazimwa mpaka watu watoke. Tunakagua pamoja, mimi na kiongozi wao, tukizunguka yote, halafu nalipa kwa M-Pesa ndani ya siku mbili, hakuna pesa ya mbele. Petroli ikipanda zaidi ya shilingi 20 kutoka ile ya siku ya mkataba tunakaa tena chini, na hii ni rahisi kufuata maana EPRA, mamlaka ya serikali ya mafuta na stima, inatangaza bei tarehe 14 kila mwezi, hakuna mtu wa kubishana. Hiki kipengele cha petroli yeye ndiye alikiomba na naona kilikuwa cha haki, ningekikataa angeweka bei ya juu kujikinga na sisi tungelipa hata kama petroli haijapanda.

Kazi yenyewe sasa. Siku ya kwanza nilichukua ruhusa kazini nikashinda nao. Kabla mashine haijawashwa wanapita na gunia wanaokota waya za mashada, zile za maua ya mazishi, juu waya ukiingia kwa kichwa cha mashine unajizungusha ama unaruka kama risasi. Halafu picha na chupa za maua zinawekwa juu ya kaburi lenyewe katikati, baadaye kila moja inarudishwa pale ilikuwa, na wanakumbuka! Kisu cha chuma wanakitumia kwa nafasi wazi na kwa ua peke yake, karibu na makaburi wanabadilisha wanaweka uzi wa naironi, na wakikaribia taili au terazo mmoja anamaliza kwa mkono na slasha fupi. Miti midogo tuliyopanda mwaka juzi walizungushia vipande vya chupa za plastiki kwenye shina, sababu ule uzi ukigusa gome kuzunguka mti unakauka wote, na nilikuwa nimepoteza miwili hivyo nikidhani ni mchwa. Oili wanapima kwa kikombe kile cha dawa ya kikohozi ya watoto, mililita 40 kwa kila lita ya petroli, hawakadirii kwa macho. Nyasi wanaiacha urefu wa vidole vitatu, hawakwangui mpaka udongo uonekane kama wale wengine wanaodhani ikiwa fupi sana ndio watasifiwa. Zile sehemu zilizouliwa na dawa zimeanza kushika tena, bado kuna mabaka lakini udongo umesimama.

Kuna siku kwa mkutano mtu alisimama akauliza kwa nini yetu haikai kama yale makaburi ya vita ya Ngong Road, ya wanajeshi wa vita vya pili vya dunia. Ni swali zuri, na nikapanga tukaenda wanakamati sita tukaona. Pale panapendeza kusema kweli, pametulia, unaingia unashusha sauti bila kuambiwa. Lakini angalia jinsi palivyopangwa. Mawe yanafanana, yamesimama kwa mistari iliyonyooka, na kati ya mistari ni nyasi tupu, mashine inapita kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na yanatunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola ambayo kazi yake ni hiyo. Sisi kila familia imejenga vile ilivyoweza, huyu ameweka ukingo wa simiti, huyu marumaru, huyu mawe ya mtoni, na hakuna mstari, kaburi linafuata pale palipokuwa na nafasi. Siwezi kuambia familia ibomoe. Ila kwa upande mpya tuliofungua huko juu tumekubaliana mita moja kati ya mistari na kingo zisizidi usawa wa udongo, na vijana wameshasema sehemu hiyo watatuhesabia shilingi 10 kwa kaburi badala ya 20 itakapojaa. Mkiwa mnafungua uwanja mpya fikirieni hilo mapema, msingoje mpaka mmeshazika.

Tulikuwa na mvutano pia juu ya nyasi iliyokatwa. Vijana waliomba waibebe wauzie wenye ng'ombe, huku Dagoretti watu wanafuga na gunia la nyasi lina bei, wakasema watatupunguzia 1,000 kila mara. Mimi kama mweka hazina nilitaka, 16,000 kwa mwaka si kidogo. Wazee wakakataa katakata, ng'ombe hawezi kula nyasi ya makaburini halafu sisi tunywe maziwa. Na kando na hilo kuna ile dawa iliyokuwa imenyunyiziwa, hata mimi moyo haukutulia. Wakatuelewa bila kununa. Sasa inarundikwa kwa kona chini karibu na ua, inaoza, na kina mama wa ushirika wanaichukua kama mbolea ya maua tu.

Ile nyota niliyoitoa sasa. Mwezi wa Mei walichelewa mara mbili, mara moja siku tano nzima, na siku tano za mvua ya Mei si mchezo, nyasi ilipita vidole vyote. Walisema mvua, na ni kweli ilinyesha, lakini hawakupiga simu, mimi ndiye nilipiga. Nilimwambia kiongozi wao uso kwa uso, mvua si kosa lako, kunyamaza ndio kosa. Tangu hapo anatuma meseji. Septemba jiwe liliruka likavunja kioo cha picha kwa kaburi moja, na kabla sijajua walikuwa wameshaenda Kawangware kutengeneza kioo kipya kwa 350 zao na wakaniomba namba ya familia waombe msamaha wenyewe. Kwa hilo sikutoa nyota, kwa hilo ningeongeza.

Nyota imeenda kwa usalama. Wana miwani mbili kwa watu wanne, gambuti wako nazo, lakini hawana bima yoyote. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ile WIBA ya 2007, inasema mwajiri akatie wafanyakazi wake bima, na nikimuuliza kiongozi anasema sisi ni marafiki wanne tunagawana, hakuna mwajiri. Labda. Lakini kisu kikimkata mmoja mguu ndani ya kompaundi ya kanisa, nani atampeleka hospitali na nani atalipa? Ile kampuni ya 52,200 ilikuwa na jibu la hilo swali na hawa hawana, na hapo ndipo tofauti kubwa ya bei ilipo, wala si kwa nyasi. Hii imenisumbua mwaka wote. Kila wakiwasha mashine niko pale nasikiliza kama kuna mlio umebadilika. Ni vijana wa umri wa watoto wangu.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Wamekuja tena na daftari, wamehesabu upya, makaburi sasa ni 319 juu tumezika saba mwaka huu. Wanaomba 22 kwa kaburi badala ya 20, hiyo ni 7,018, na ile 8,000 haijabadilika, wamefanya 15,000 kamili. Mara 16 ni 240,000. Nimeipelekea kamati na pendekezo langu liko kwa karatasi: kila familia iongeze kutoka 100 hadi 120 kwa mwezi, zote zikitoa ni 259,200, tunalipa vijana na inabaki 19,200. Kwa hiyo 19,200 nataka tununue miwani mbili zaidi na kinga za miguu, na inayobaki iende kwa bima ya ajali ya wote wanne kwa mwaka mzima. Mwenyekiti amesema atafikiria. Mkutano ni Jumapili hii baada ya ibada ya pili, na walio na ndugu pale tafadhali mfike.